Maisha ya Humphry Davy, Aliyefungua Pingu za Metali

Kila mwaka gazeti hili la chama chetu hutuletea maisha ya watu mashuhuri, na wengi wao huwa ni washairi, viongozi na wapigania uhuru. Mwaka huu nimeonelea nikuletee mwanakemia. Tafadhali usifunue ukurasa mwingine! Najua wako kati yetu ambao wakisikia tu neno Kemia, kichwa huanza kuwauma. Lakini mtu huyu naye alipenda mashairi na kuyatunga, na baadhi ya rafiki zake walikuwa washairi wakubwa wa Uingereza. Zaidi ya hayo, kazi yake inatueleza ni kwa nini mchanga mweusi wa Nguluku na Maumba ulipakiwa melini kwa zaidi ya miaka kumi, na sisi wenye mchanga hatukuona hata kisu kimoja cha titaniamu. Jina lake ni Humphry Davy.

Davy alizaliwa tarehe 17 Desemba mwaka wa 1778 katika mji wa Penzance, huko Cornwall, pembe ya kusini-magharibi kabisa ya Uingereza. Kwetu sisi watu wa Kwale si vigumu kuielewa Cornwall. Ni pwani ya wavuvi na mabaharia, na chini ya ardhi yake mlichimbwa shaba na bati kwa karne nyingi. Hata titaniamu yenyewe iligunduliwa huko. Mwaka wa 1791 kasisi mmoja aitwaye William Gregor alichunguza mchanga mweusi wa bonde la Manaccan, akaona una metali ambayo hakuna aliyeijua. Wakati huo Davy alikuwa kijana wa miaka 12 tu. Basi mchanga mweusi wa Cornwall na mchanga mweusi wa Kwale ni ndugu.

Baba yake, Robert, alikuwa fundi wa kuchonga mbao. Humphry alikuwa kifungua mimba katika watoto watano. Shuleni hakuwa wa kutajwa sana. Alichopenda ni kuwasimulia wenzake hadithi, kuvua samaki na kuzurura pwani. Halafu, Desemba ya mwaka wa 1794, baba yake akafariki dunia na kuiachia familia madeni. Humphry alikuwa anatimiza miaka 16, ambao ndio umri wangu mimi ninayeandika haya. Ikabidi mama yake, Bi Grace, afungue duka la kofia ili watoto wapate kula. Humphry naye, mwanzoni mwa mwaka wa 1795, akapelekwa kujifunza kazi kwa tabibu na muuza dawa mmoja pale mjini.

Wengi wangesema masomo yameishia hapo. Lakini penye nia pana njia. Davy alijiandikia orodha ndefu ya masomo atakayojifunza mwenyewe: lugha, hesabu, falsafa na sayansi. Mwaka wa 1797 alikipata kitabu cha Kemia cha Mfaransa Lavoisier, akakisoma kwa Kifaransa, na papo hapo akaanza kufanya majaribio kwa vyombo vyovyote alivyovipata. Hakusoma chuo kikuu hata siku moja. Mwaka wa 1798 aliitwa kufanya kazi Bristol katika taasisi iliyokuwa ikitafuta tiba kwa kutumia hewa mbalimbali. Hapo alijipulizia mwenyewe hewa moja inayomfanya mtu acheke ovyo, akaandika mwaka wa 1800 kwamba huenda ingefaa kuondoa maumivu wakati wa upasuaji. Hakuna aliyemsikiliza mpaka miaka zaidi ya 40 ilipopita. Mwaka wa 1801 akaajiriwa London katika Taasisi ya Kifalme. Mihadhara yake ilijaza watu ukumbini, mabwana na mabibi. Hata mshairi Coleridge alikuwa akienda kumsikiliza ili ajiongezee tamathali za usemi. Unaona basi, mwanachama mwenzangu? Kemia na lugha si maadui.

Kabla sijaendelea na Davy, hebu tutue mzigo kidogo tuzungumze juu ya metali zenyewe, maana bila hivyo hatutaelewa alilofanya lilikuwa kubwa kiasi gani.

Metali hazifanani tabia. Nyingine ni kali, nyingine ni pole. Ukali ninaosema hapa ni ile hamu ya kuungana na vitu vingine kama oksijeni, maji au asidi. Chukulia kwamba oksijeni ni mchumba. Potasiamu na sodiamu zikimwona humrukia papo hapo, tena ndoa yao haivunjiki kwa urahisi. Ndiyo maana kipande cha sodiamu katika maabara huhifadhiwa ndani ya mafuta, kisiguse hewa wala maji. Zinki na chuma huchukua muda, lakini mwishowe nazo huolewa, na kutu ya chuma ni cheti cha ndoa hiyo. Dhahabu yeye ni kapera wa kudumu. Ndiyo sababu pete ya dhahabu ya bibi haipati kutu mpaka anamwachia mjukuu.

Kutoka metali iliyo kali hadi iliyo pole, mpangilio ni huu: potasiamu, sodiamu, kalsiamu, magnesiamu, alumini, zinki, chuma, bati, risasi, shaba, fedha, dhahabu. Mpangilio huu si wa kukariri kwa ajili ya mtihani tu. Unatueleza pia jinsi ya kuitoa kila metali katika mtapo, yaani jiwe au mchanga ambao metali imefungika ndani yake. Dhahabu huokotwa ikiwa dhahabu. Shaba na chuma zinahitaji moto na makaa. Ndani ya tanuri, kaboni ya makaa huinyang'anya metali oksijeni yake, ikaenda zake hewani ikiwa moshi, na metali ikabaki peke yake. Wahunzi wa Pwani walilijua jambo hili zamani sana. Pale Galu, karibu na Diani, wanaakiolojia wamechimbua mabaki ya mahali palipoyeyushwa chuma karne nyingi kabla ya Wareno kufika. Wahunzi wale hawakuwa na maabara, lakini kazi waliyoifanya ni ile ile ya kitabu chetu.

Sasa shida iko wapi? Iko kwa zile za juu. Kaboni ina nguvu ya kuzinyang'anya zinki na zile zilizo chini yake, lakini kwa alumini na zile zilizo juu, moto wa makaa wa kawaida hauwezi. Chukua mfano wa chokaa. Marehemu babu yangu upande wa mama alikuwa mchoma chokaa. Alipanga kuni, akapanga matumbawe juu yake, akawasha, na tanuu ikawaka usiku kucha. Matumbawe yale yana kalsiamu. Moto huyatoa hewa iliyomo ndani, yakabaki chokaa ya kujengea nyumba na ya kuchanganya na mafuta kupata deheni ya kupaka vyombo vya bahari. Lakini hata angeongeza kuni za msitu mzima, babu asingepata kalsiamu yenyewe. Ndani ya chokaa, kalsiamu bado imekumbatiwa na oksijeni. Moto uliishia hapo, si kwa babu tu bali kwa dunia nzima. Wataalamu kama Lavoisier walishuku kwamba ndani ya chokaa mna metali, lakini hakuna aliyekuwa na ufunguo.

Ufunguo ulitoka Italia. Mwaka wa 1800 Alessandro Volta alitangaza chombo alichokiunda kwa kupanga vipande vya metali mbili tofauti, kama zinki na fedha, na kati yake kitambaa au karatasi iliyoloweshwa maji ya chumvi. Chombo hicho kilitoa umeme mfululizo. Ndiyo betri ya kwanza, nayo pia inategemea tofauti ya ukali wa metali. Watu wakagundua kwamba umeme ukipitishwa ndani ya maji, maji hugawanyika yakawa hidrojeni na oksijeni. Davy akajiuliza: kama umeme unavunja maji, kwa nini usivunje vile ambavyo moto umeshindwa?

Mnamo Oktoba mwaka wa 1807 alipata jibu. Alichukua potashi, kitu kikali kinachotokana na majivu ya kuni, majivu kama haya ya jikoni kwetu. Kwanza aliiyeyusha ndani ya maji akapitisha umeme, lakini yaliyogawanyika ni maji peke yake. Akaijaribu ikiwa kavu kabisa, umeme ukakataa kupita. Mwishowe akaiacha ipate unyevu kidogo tu juu yake, akaiweka juu ya kibamba cha platini na kuiunganisha na betri kubwa yenye mamia ya mabamba ya shaba na zinki. Potashi ikaanza kuyeyuka. Upande wa ncha hasi vikatokea vitone vinavyong'aa kama zebaki. Vingine vililipuka vikawaka moto pale pale. Hiyo ndiyo potasiamu, metali ambayo macho ya binadamu hayakuwahi kuiona. Binamu yake aliyekuwa akimsaidia alisimulia baadaye kwamba Davy aliruka na kucheza chumba kizima kwa furaha. Alikuwa na umri wa miaka 28.

Siku chache baadaye akafanya vivyo hivyo kwa soda kali, akapata sodiamu, ambayo imo katika chumvi ya meza na katika magadi ya kupikia kunde. Metali hizi zilikuwa laini za kukatwa kwa kisu, na nyepesi hata zikaelea juu ya maji huku zikiwaka. Watu wengine walibisha, eti metali gani hii inaelea! Davy alitangaza matokeo yake mwezi wa Novemba, kisha akaugua sana kwa majuma mengi hata ikadhaniwa atakufa. Alipopona, mwaka wa 1808, akarudi kazini. Kwa umeme na msaada wa zebaki alizitoa magnesiamu, kalsiamu, strontiamu na bariamu. Hapo ndipo ile siri ya tanuu ya chokaa ilipofunguka.

Alumini ilimshinda. Aliamini iko, akaipa jina, akajaribu kuitoa, ikakataa. Wengine waliipata kidogo kidogo miaka ya 1825 na 1827, kwa kutumia potasiamu ile ile ya Davy. Si ajabu, kwa sababu metali kali huweza kuinyang'anya oksijeni au klorini metali iliyo pole kuliko yenyewe. Alumini ya bei nafuu ilingoja mpaka mwaka wa 1886, Mmarekani Hall na Mfaransa Héroult walipovumbua, kila mmoja kivyake, njia ya kuitoa kwa umeme. Sufuria unayopikia wali leo ni tunda la kazi hiyo.

Mwaka wa 1812 Davy alipewa cheo cha heshima na mwanamfalme aliyetawala kwa niaba ya mfalme, akaoa mjane tajiri aitwaye Jane Apreece. Mwaka huo huo wa 1812 mlipuko katika mgodi wa makaa ya mawe wa Felling uliua wachimbaji 92, wanaume na wavulana. Migodi ilikuwa na hewa inayoshika moto, na taa za wachimbaji ndizo zilizoiwasha. Mwaka wa 1815 Davy aliombwa asaidie. Katika muda wa miezi michache akaunda taa ambayo moto wake umezungushiwa wavu wa waya. Waya hunyonya joto, kwa hiyo moto hauwezi kupenya ukaiwasha hewa ya nje. Rafiki zake walimshauri achukue hataza ili atajirike, akakataa, akasema hiyo ni kwa ajili ya ubinadamu. Katika nchi iliyo na migodi, jambo hilo lilikumbukwa kuliko vyeo vyake vyote.

Kazi nyingine inatuhusu sisi watu wa bahari. Meli za kivita za Uingereza zilifunikwa shaba chini ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao, lakini maji ya chumvi yaliila shaba hiyo. Mwaka wa 1824 Davy alipendekeza vipande vya zinki au chuma vigandishwe juu ya shaba. Kwa kuwa zinki na chuma ni kali kuliko shaba, zingeliwa zenyewe na shaba ikabaki salama. Ilikuwa kweli! Shaba haikuliwa tena. Lakini lo! Kumbe ile sumu ya shaba inayotoka kidogo kidogo ndiyo iliyokuwa ikiwafukuza viumbe wa baharini. Shaba ilipokuwa salama, mwani na viumbe wenye magamba wakaganda juu yake, meli zikawa nzito, ikabidi mpango uachwe. Walakini wazo lenyewe halikufa. Meli nyingi za chuma leo hufungwa vipande vya zinki. Na mabati ya nyumba zetu ni chuma kilichopakwa zinki. Upepo wa chumvi wa Msambweni unapovuma, zinki hujitoa mhanga kwanza, na chuma hungoja zamu yake. Zinki ikiisha, ndipo unapoona paa limegeuka rangi ya udongo.

Nikimsifu tu nitakuwa sijasema kweli yote. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwaka wa 1813 Davy alikuwa amemwajiri kijana maskini, Michael Faraday, mtoto wa mhunzi na fundi wa kujalidi vitabu, aliyemletea maelezo ya mihadhara yake yakiwa yamejalidiwa vizuri. Kijana alifanya kazi kwa bidii mpaka sifa zake zikaanza kumfikia mwalimu. Mwaka wa 1823 Faraday alipopendekezwa kujiunga na Chama cha Kifalme cha Sayansi, Davy, aliyekuwa rais wa chama hicho tangu mwaka wa 1820, alimpinga. Faraday akachaguliwa vile vile, na baadaye akagundua kanuni zinazoonyesha kiasi cha umeme kinachotoa kiasi fulani cha metali. Inasikitisha kwamba mtu aliyeinuliwa kutoka chini alitaka kuivuta ngazi baada ya kupanda. Hata hivyo, Faraday hakuacha kumheshimu.

Afya ya Davy ilivunjika. Mwaka wa 1827 alijiuzulu urais, akawa akisafiri Ulaya kutafuta nafuu, akivua samaki na kuandika. Aliaga dunia huko Geneva tarehe 29 Mei mwaka wa 1829, akiwa na umri wa miaka 50. Vyombo vya fedha alivyozawadiwa na wenye migodi kwa ajili ya ile taa viliuzwa baadaye, na fedha zake zikaanzisha Nishani ya Davy, ambayo hutolewa kwa wanakemia tangu mwaka wa 1877.

Sasa turudi nyumbani. Titaniamu ya mchanga wetu ni kama wale wafungwa wa Davy. Imeungana na oksijeni kwa nguvu mno. Tena ukiichoma kwa makaa ni matatizo juu ya matatizo, kwa sababu titaniamu huungana na kaboni yenyewe ikawa kitu kigumu kinachovunjika ovyo. Njia inayotumika zaidi, aliyoivumbua William Kroll wa Luxembourg na kuipatia hataza mwaka wa 1940, ni kuigeuza kwanza kwa klorini, kisha kuinyang'anya klorini hiyo kwa magnesiamu. Magnesiamu ile ile ambayo Davy aliitoa kwa umeme mwaka wa 1808! Na klorini pia hupatikana kwa kupitisha umeme ndani ya maji ya chumvi.

Huko Kwale uchimbaji ulianza mwaka wa 2013 na ukakoma Desemba mwaka wa 2024. Familia zilihama kutoka Maumba na Nguluku ili kuupisha mgodi. Mchanga ulichambuliwa kwa maji, sumaku na umeme, ukagawanywa kuwa ilmenaiti, rutaili na zirkoni, ukapakiwa Likoni na kwenda ng'ambo. Kilichoondoka ni mtapo, si metali, na mtapo wa titaniamu duniani zaidi hugeuzwa unga mweupe wa kutengenezea rangi. Huenda ukuta wa darasa lako umepakwa mchanga wa ndugu yake Nguluku, nawe ukaununua dukani kwa bei ya rangi. Tazama Dubai, ambako vijana wengi wa Pwani huenda kutafuta kazi. Imekuwa ikitengeneza alumini tangu mwaka wa 1979, na mtapo huuagiza kutoka nje. Ilichokuwa nacho ni gesi ya kuzalishia umeme. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba tangu siku ile ya Oktoba 1807, kuwa na mtapo ni jambo moja, na kuitoa metali ni jambo jingine. Mwenye umeme na maarifa ndiye anayebaki na metali, na mwenye mtapo peke yake hubaki na shimo.

Wanafunzi wenzangu, mimi siamini kwamba hadithi yetu imeishia kwenye shimo. Mlima Mrima bado una niobiamu na madini mengine adimu, na siku moja wageni watakuja tena kubisha hodi. Swali ni nani kati yetu atakayeweza kukaa nao mezani na kuwauliza metali hii hutolewa vipi, kwa umeme kiasi gani, na kwa nini isitolewe hapa. Usiseme wewe ni mwanafunzi wa shule ya kutwa, unatembea mguu na nyumbani unasomea koroboi. Davy alifiwa na baba akiwa na umri wetu, akaanza na majivu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nawe mwenzangu uliyeikimbia Kemia kwa sababu unapenda fasihi, kumbuka kwamba yule aliyefungua pingu za metali alikuwa akitunga mashairi.



Mwanafunzi, Kidato cha Tatu